Jumatatu Baada ya Mahafali

Mahafali yalikwisha Jumamosi jioni. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi vijana wa turubai walikuwa bado wanafungua kamba, viti vya kukodi vimepangwa kumi kumi kando ya bwalo vikingoja kuhesabiwa, na upepo wa Dodoma, ule wa Septemba usiomheshimu mtu, ulikuwa unazungusha vumbi na chupa tupu za maji uwanjani. Ofisini, mwalimu mkuu na mhasibu wake walikuwa wameinamia karatasi nne zilizoandikwa mbiombio na mshereheshaji: majina, ahadi na namba za simu, mbili kati yake zikiwa na tarakimu tisa tu.

Mimi nilikuwa nimefuata begi la mwanangu lililosahaulika bwenini. Nikakaa mpaka saa sita, maana kazi iliyokuwa inafanyika pale mezani sikuwahi kuiona kwa karibu, ingawa michango ya shule nimeitoa na kuikusanya kwa miaka mingi.

Shule yenyewe sitaitaja. Ni shule binafsi ya bweni kandokando ya barabara iendayo Kondoa, ina kisima kirefu, ina madeni kama shule nyingine. Mwalimu mkuu ni mama wa makamo, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba, na angenikasirikia kama ningemwandikia sifa kwa jina. Nitamwita Mwalimu, kama wanavyomwita wote, hata wazee waliomzidi umri.

Alianza kwa kuzikata karatasi zile kwa mkasi, jina moja moja, kama mtu anayetayarisha kura za upatu. Kisha akavipanga vipande. Nilidhani atapanga kwa ukubwa wa fedha, mheshimiwa wa milioni juu na mama wa elfu mbili chini. Sivyo. Fungu la kwanza lilikuwa la waliotoa papo hapo, taslimu au kwa simu. La pili, walioahidi vitu: saruji, mbao, milango, mbuzi wawili. La tatu, walioahidi fedha ambazo yeye alijua zitatoka wapi na lini. La nne alilisogeza mbali, karibu na ukingo wa meza.

"Hawa je, Mwalimu?"

"Hawa waliwekewa kipaza sauti mdomoni," akasema. "Tutawasamehe taratibu."

Simu ya kwanza aliipiga kwa mama mmoja aliyetoa elfu kumi. Hakuzungumza naye hata dakika mbili. Alimsalimu, akamtajia mwanawe kwa jina, akamwambia elfu kumi yake imeandikwa na risiti atakuja nayo mtoto likizo. Ya pili, elfu tano. Ya tatu, elfu kumi tena. Nikamuuliza mbona anaanza na wadogo, na milioni zimelala pale pembeni.

"Yule wa milioni namdai," akasema bila kuinua macho. "Huyu wa elfu kumi ananidai mimi."

Nimelitafakari jibu hilo tangu siku ile. Sisi wengi tunapozungumza juu ya kuchangisha fedha za shule tunamwona mshereheshaji mwenye sauti, muziki, meza ya mbele yenye maua, mgeni rasmi akisomewa risala na kujibu kwa ahadi inayopokewa na vigelegele. Hiyo ni sherehe, na Watanzania kwa sherehe hatujambo. Ufundi wenyewe huanza viti vikirudishwa kwa mwenyewe. Ni kazi ya kimya, inayofanana na ya fundi saa kuliko ya mhubiri, na wanaoiweza si wengi.

Tena inafanyika mahali pagumu. Tangu Januari 2016 Serikali ilifuta ada katika shule zake mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafuta na za kidato cha tano na sita. Mwenye shule binafsi anamwomba mzazi fedha wakati ng'ambo ya barabara elimu ni bila ada. Mtu wa namna hiyo hawezi kumchukulia mzazi kama mdaiwa wa benki. Kila Januari mzazi huyo anachagua upya.

Mwalimu hufundisha ufundi wake pale anapokubali kusema, na husema kwa kalenda. Ukutani kwake kuna kalenda moja iliyochorwa kwa kalamu za rangi tatu. Bluu ni mishahara: watumishi, ambao waliongezeka sana mjini hapa baada ya tangazo la Julai 2016 la kuhamishia Serikali Dodoma, hupata fedha mwishoni mwa mwezi, na ada yao inapaswa kuombwa mapema kabla mkopo na kodi ya nyumba havijaigawa. Kijani ni mashamba. Nyanda hizi zina msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili, nao si wa kutegemewa. Uwele, mtama na alizeti huvunwa kuanzia Mei na Juni. Wenye mizabibu, wa Hombolo, Mpunguzi na Mvumi, huvuna mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mkulima anayedaiwa ada yote Januari anadaiwa wakati ghala lake limebaki vumbi. Shule nyingi humdai hivyohivyo, kisha zikamwita msumbufu.

Rangi ya tatu, nyekundu, ni Bunge. Nilicheka nilipoelezwa, lakini yeye hakucheka. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuishia mwishoni mwa Juni. Katika miezi hiyo Dodoma imejaa watu ambao mialiko yao hugombaniwa nchi nzima, na wako umbali wa dakika ishirini kwa gari. Mahafali ya kidato cha nne hayawezi kungoja Novemba kwa sababu ya mtihani wa taifa. Lakini siku ya wazazi, au uzinduzi wa maktaba, inaweza kuwekwa Jumamosi yoyote ya Mei. Mgeni rasmi asiyehitaji nauli wala hoteli ni nusu ya bajeti ya sherehe. Na Mwalimu haishii kwa mheshimiwa. Hutafuta namba ya msaidizi wake, kwa sababu ahadi huzaliwa mdomoni mwa mkubwa, lakini hulelewa na msaidizi.

Kati ya saa tatu na saa nne aliingia mzee mmoja kutoka vijiji vya Chamwino, fimbo mkononi, kofia kifuani.

"Mbukwenyi, Mwalimu."

"Mbukwenyi, baba. Karibu kiti. Wa nyumbani wanaendeleaje?"

"Wazima. Ila mvua uliiona mwenyewe."

"Niliiona, baba."

Wakanyamaza kidogo, wote wawili, kama watu waliofiwa pamoja. Kisha mzee akasema ana madume mawili ya kuuza.

"Utayapeleka mnada upi?"

"Msalato, Jumamosi."

Mwalimu akaandika: Msalato, Jumamosi. Hakuandika "ameahidi kulipa", wala hakumpa siku ya mwisho. Akamwuliza kama kuna mahindi ya kubakiza. Yapo, magunia manne. Basi mhasibu akatoa daftari jingine, lenye jalada gumu, akamwonyesha mzee bei ya soko la Kibaigwa ya wiki ile, akatoa gharama ya usafiri mbele ya macho yake, akamwambia gunia litapimwa kwa mizani, si kwa debe, na lumbesa haihitajiki. Mzee akapiga hesabu kwa vidole, akaridhika.

Hapo pana ufundi wa kutosha semina nzima. Mahindi yaliyopokewa baada ya mavuno kwa bei ya siku hiyo, yakahifadhiwa vizuri, yanaliwa na wanafunzi Januari na Februari, wakati bei imekwisha panda. Shule imeokoa. Mzee naye hakumuuzia mlanguzi kwa hasara ili apate noti za kuleta shuleni, noti ambazo shule ingezirudisha sokoni kununua mahindi yaleyale. Lakini yote yanasimama juu ya stoo. Dumuzi wakiingia, mchango umeliwa kabla ya watoto. Kwa hiyo mtunza stoo wa shule ile hukaa katika vikao vya fedha, jambo ambalo sikuliona penginepo. Ng'ombe, mbuzi, mchanga, tripu za mawe, siku mbili za fundi seremala: kila kitu kina bei yake katika lile daftari la jalada gumu na kila mtoaji ana risiti, maana aliyeleta tripu ya mchanga ametoa fedha, isipokuwa zake zimeshuka kwa beleshi.

Nilipomuuliza alijifunzia wapi, nilitarajia atataja chuo. Akasema: kwenye kamati za harusi.

Hebu tufikirie. Ni nani kati yetu hajawahi kukaa kwenye kamati ya harusi? Kadi za mchango zinachapwa, vikao vinaitishwa kila Jumapili, mweka hazina anasoma majina ya waliotoa na waliobaki, kiasi kinachohitajika kinajulikana mpaka bei ya keki, siku ya mwisho haisogezwi kwa sababu bwana harusi hasogezwi. Katika miezi mitatu watu wa mishahara ya kawaida wanakusanya mamilioni. Watu haohao wana shule ambayo boma la bweni lake limesimama kwenye lenta miaka minne, miti imeota ndani. Kwa kawaida tunawalaumu kwamba wanapenda pilau kuliko elimu. Mwalimu hakubali. Anasema harusi inaendeshwa vizuri na shule inaendeshwa vibaya, basi. Harusi ina tarehe, ina bajeti inayosomwa hadharani, na mwisho ina kile kikao kizuri kuliko vyote, cha kuvunja kamati, ambapo hesabu zinasomwa, soda zilizobaki zinanywewa, na kila mtu anarudi nyumbani akijua fedha yake ilikuwa kiti gani au kuku yupi.

Naye huvunja kamati. Kila jengo lina kamati yake, na paa likikamilika wajumbe na wachangiaji huitwa, hata wakiwa ishirini, hesabu husomwa, chai hunywewa ndani ya chumba chenyewe kabla rangi haijakauka vizuri. Kisha kamati inakufa. Hakuna anayebaki mjumbe wa kudumu wa kuombwa.

Mimi najua gharama ya kutofanya hivyo, kwa sababu niliwahi kuwa upande wa pili. Miaka iliyopita, katika shule nyingine kabisa, tulichangia maktaba. Wazazi sitini hivi tulijaa darasani siku ile, tukashindana kwa ahadi. Baadaye upepo uling'oa paa la jiko, na fedha za maktaba zikaenda kwenye jiko. Sababu njema, nami ningeikubali mara moja kama ningeulizwa. Hatukuulizwa wala hatukuambiwa. Tulikuja kuona bati jipya. Mwaka uliofuata tuliitwa tena. Tulikuja kumi na mmoja, na wanne kati yetu tulikuja kuuliza maswali. Hakuna aliyeiba hata senti, kadiri ninavyojua. Lakini shule ile ilipoteza kitu ambacho hakikuwa kwenye vitabu vyake.

Ufundi huu wa kumwonyesha mtoaji fedha yake ilikokwenda si mgeni Dodoma. Mwaka 1927 ilipoundwa Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika, askofu wake wa kwanza alikuwa George Chambers kutoka Australia, mtu ambaye akiwa kasisi wa Dulwich Hill, Sydney, alianzisha shule, Trinity Grammar School, mwaka 1913. Alikaa hapa mpaka 1947. Tunaweza kubishana sana juu ya wamisionari, na tubishane. Lakini mtu huyu alielewa kwamba Mwaustralia aliyetoa pauni yake hataweza kuja kuliona paa, kwa hiyo paa ndilo limfuate, kwa posta. Dayosisi ikachapa waraka wake kwa marafiki wa mbali, na mwaka 1931 Chambers mwenyewe akatoa kitabu, *Tanganyika's New Day*. Miaka sabini hivi baadaye, kule Arusha, Mwaustralia mwingine, Gemma Sisia, alifungua Shule ya St Jude mwaka 2002 akiwa na watoto wachache mno, na shule hiyo inayosomesha bure watoto wa familia maskini imekua mpaka kufikia wanafunzi zaidi ya elfu moja kwa msingi uleule: mfadhili anajua anamsomesha nani, na anaandikiwa.

Majengo hayakai daima mikononi mwa walioyachangia, na mwalimu mkuu ajue hilo pia. Alliance, shule ya sekondari ya madhehebu ya Kiprotestanti hapa Dodoma, ilitaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, ikapewa jina la mtemi Mazengo wa Mvumi. Leo eneo hilo ni Chuo Kikuu cha St John's, tangu 2007. Waliotoa fedha zao wengi walikwisha kufa. Darasa lilibaki darasa.

Na kama kuna mtu anadhani tatizo la shule yake ni kukosa mfadhili mmoja mkubwa, apande basi aende Kongwa. Kuanzia 1947 Waingereza walimwaga hapo fedha za mradi wa karanga, matrekta, reli, wataalamu. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa na takribani pauni milioni 36 zimeteketea. Udongo ulikauka ukawa kama saruji, mvua ikafanya inavyofanya siku zote Ugogo. Fedha zilikuja zote kwa pamoja, kutoka mfuko mmoja, kwa kasi isiyompa mtu yeyote nafasi ya kuwauliza wenyeji swali. Mwalimu huitaja Kongwa kila mjumbe mpya wa bodi anapomwambia "tutafute mzungu".

Yeye hufuata kanuni ya wafugaji. Mgogo mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Wengine aliwapeleka kwa shemeji, wengine kwa rafiki wa kijiji cha mbali, ambaye alikunywa maziwa na kuwatunza. Ukame ukipiga huku, kule wapo. Ugonjwa ukiingia kule, huku wapo. Shule yake ina ada, ina wahitimu wa zamani wanaochanga kidogo kidogo kila mwezi, ina parokia mbili rafiki nje ya nchi, ina bustani ya mboga na mizabibu nusu eka, ina wenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye akiondoka kesho shule itafungwa. Anaipima hivyo kila Desemba: anafunika jina moja kwa kiganja, anajumlisha yaliyobaki.

Uongozi wake nao unaonekana kwenye mambo madogo kuliko hotuba. Fedha taslimu hazishiki. Mzazi akimnyoshea bahasha, mikono yake huenda nyuma ya mgongo, yenyewe, kama ya mtoto aliyekatazwa sukari, na anamwita mhasibu. Na mhasibu hana ruhusa ya kutoa kitu benki bila sahihi ya pili. Mwenyekiti wa bodi hutoa kabla hajaombwa mtu mwingine, na kiasi chake husomwa kwanza hata kikiwa kidogo. Mishahara ya walimu hutangulia rangi ya ukuta. Mwaka aliochelewesha mishahara miezi miwili, alisema, michango ya wazazi ilianguka kabla ya matokeo kuanguka, kwa sababu watoto husimulia nyumbani mwalimu aliyeingia darasani akiwa na njaa. Na tangu Baraza la Mitihani liache, mwaka 2023, kutangaza orodha ya shule bora, hana jedwali la kumsifia. Mzazi anapima shule kwa anachokiona likizo, mezani, mtoto anapofungua mdomo.

Hukataa pia. Kuna aliyemletea kompyuta arobaini zilizokwisha tumika. Aliuliza nani atalipa umeme na fundi, akachukua nane, akaandika barua ya shukrani ndefu kuliko ambayo angeandika kwa arobaini.

Saa tano na nusu akafika kwenye fungu la saruji. Mheshimiwa alikuwa ameahidi mifuko mia moja, na watu walikuwa wameshangilia. Mwalimu alimpigia msaidizi. Baada ya salamu na pole ya safari, akasema:

"Mdogo wangu, tunashukuru sana. Ombi moja: isije leo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza: msingi utaanza kuchimbwa baada ya mitihani, wanafunzi wakiondoka; saruji mia ikilala stoo mpaka Desemba na mvua ikaanza, nusu itakuwa mawe. Je, mheshimiwa angeweza kulipa dukani, wao wapewe hati, wachukue kumi kumi kadiri fundi anavyokwenda? Akataja duka. Akataja bei ya mfuko, aliyokwisha iuliza saa mbili asubuhi. Kila wakichukua kumi watamtumia picha. Upande wa pili kulikuwa na kimya, kisha kicheko, kisha msaidizi akasema atamfikishia bosi, na kwamba ndiyo mara ya kwanza katika kazi yake kuombwa kuchelewesha.

Alipokata simu mhasibu alikuwa anakunja kipande cha karatasi cha namba yenye tarakimu tisa. Mwalimu akakinyoosha, akakitazama, akavaa miwani. Tarakimu iliyokosekana ilikuwa ya mwisho. Zipo kumi tu, akasema, akaanza na sifuri.